Aliyetusomea Wasifu

Tangu Mzee wa Wasifu afariki, misiba ya mtaani kwetu Pasiansi imekuwa mifupi. Siku hizi anasimama kijana na simu mkononi, anasoma wasifu wa marehemu huku kidole kikiteleza kwenye kioo, na ikiingia meseji katikati anasita, anaisoma kimoyomoyo, ndipo anarudi kwa marehemu. Muda wa kumeza mate tu mtu ameshazaliwa, amesoma, ameoa, ameugua na amezikwa. Zamani haikuwa hivyo. Zamani ukifa mtaani kwetu, ilikuwa lazima kwanza ueleweke.

Ukoo wake siujui vizuri. Tulijua ni mtu wa Kagera, na kama ulikuwa hujui angekujulisha kabla chai yako haijapoa. Alikuwa amesoma seminari mpaka darasa la falsafa, halafu akaachia hapo. Maelezo ya kuachia hapo yalikuwa ya aina mbili. Kwa maelezo yake, aliwauliza mapadri swali wakakosa jibu. Mke wake, mama wa Kisukuma mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu, alikuwa na maelezo mengine: "Swali lenyewe lilikuwa mimi. Nilikuwa nauza maandazi pale getini."

Baadaye alifundisha uraia sekondari, na alipostaafu, wanafunzi wakapumzika, zamu ikawa yetu. Hakuna aliyemteua kuwa msomaji. Ulitokea msiba mmoja, ndugu aliyepangiwa kusoma akazidiwa na kilio, naye akanyoosha mkono akaichukua ile karatasi. Hakuirudisha tena. Kuanzia siku hiyo, turubai likifungwa popote kati ya barabara kuu na ziwa, alitokea na koti lake la kahawia, miwani kwenye paji la uso, na karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni. Mara nyingi hakuitazama, maana alikuwa ameshika kila kitu kichwani. Nilimwuliza kwa nini basi anaishika.

"Ukisema habari za mtu bila karatasi, unasengenya," alinijibu. "Ukizisema na karatasi, unatoa historia."

Alikuwa na tatizo moja la kikazi. Seminari ilikuwa imemfundisha kwamba uongo ni dhambi, na mtaa ulikuwa umemfundisha kwamba ukweli ni ugomvi. Katikati ya hayo mawili akajitengenezea lugha. Mlevi, kwake, alikuwa "mtu wa watu". Aliyegombana na majirani wote kwa sababu ya mpaka wa kiwanja alikuwa "mtu mwenye msimamo". Bahili "alijua thamani ya jasho lake". Mama mbea "alifuatilia kwa karibu maendeleo ya jamii". Kiongozi wetu mmoja wa zamani, ambaye barabara ya mtaa ilimshinda tangu alipochaguliwa mpaka alipoondolewa, alisomewa kwamba "alikuwa na maono", na waombolezaji ambao viatu vyao vilikuwa na matope ya barabara hiyo hiyo wakaguna kwa pamoja.

Lugha hiyo watu wakaijua kama wanavyojua nyimbo za kwaya. Vijana wa bodaboda wakaanza kuitumia kwa walio hai: "Oya, acha msimamo, lipa hela ya watu!" Mama mmoja alikwenda kabisa kwa Mwenyekiti wa mtaa kumshitaki jirani yake kwa kumwambia mbele ya watu kwamba anafuatilia maendeleo ya jamii.

Lakini sentensi tuliyoiogopa kuliko zote haikuhusu tabia mbaya. Ilikuwa hii: "Alijitahidi kwa nafasi yake." Hiyo aliitoa pale tu alipokuwa amezunguka mtaa mzima akiuliza habari za mtu na kurudi mikono mitupu. Maana alikuwa na utaratibu wake. Mtu akifa leo, kesho asubuhi Mzee wa Wasifu alipita nyumba kwa nyumba akibisha hodi, na swali lake lilikuwa moja: "Utamkumbuka kwa lipi?" Watu walidhani ni rahisi.

"Alikuwa na gari zuri," mtu angesema.

"Gari halijafa. Mwenye gari je?"

"Mh. Alikuwa mtu mzuri."

"Mzuri vipi? Nipe siku moja."

Hapo ndipo watu walipoanza kukuna vichwa. Unaweza kuishi ukuta kwa ukuta na mtu, ukajua anakoroma vipi na anakula nini Jumapili, ukatakiwa utoe siku yake moja tu, ukaikosa.

Kila wasifu aliumalizia kwa kile alichokiita fundisho. Alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akauliza kwenye spika: "Ndugu waombolezaji, maisha ni nini?" Wanakwaya walikuwa wakisikia hivyo wanakaa, maana walijua hawataitwa karibuni. Nilimsikia akilijibu swali hilo kwa miaka, na jibu halikuwa lile lile hata siku moja. Alipozikwa mchuuzi wa dagaa aliyefia sokoni akipanga magunia, alisema maisha ni kazi, na binadamu hana kingine ila jasho lake. Wiki iliyofuata alizikwa mzee mmoja ambaye sikumbuki kama alishawahi kufanya kazi yoyote; siku zake zote alikaa juu ya jiwe akitazama ziwa. Mzee wa Wasifu akavua miwani. Maisha, alisema, ni utulivu, na wanaokimbiakimbia waulizwe wanakimbilia wapi.

Mjane wa mchuuzi wa dagaa alikuwepo, bado na kitambaa cha msiba kichwani. Akasimama.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Wiki iliyopita mume wangu amekufa ukasema maisha ni kazi. Leo ni kukaa kwenye jiwe. Kwa hiyo baba watoto wangu alijisumbua bure?"

"Hapana, mama. Wiki iliyopita aliyefariki alikuwa mfanyakazi."

"Na nikifa mimi?"

Alimtazama kwa utulivu. "Kwako wewe, maisha ni maswali."

Watu wakacheka msibani, na yule mjane naye akacheka, mara ya kwanza tangu azike.

Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wengi, au nilidhani hivyo. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa minyaa na jiwe kubwa ambalo mafundi walishindwa kulipasua. Jioni tulikaa juu ya jiwe hilo, yeye akitafuna kahawa ya kwao ya kukaushwa na maganda, mimi nikisubiri anigawie. Alinigawia punje moja. Msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao, hata mmoja hakunigawia. Nilimkumbusha siku moja kwamba msibani alikuwa amesema maisha ni kugawana.

"Nilisema kwa niaba ya marehemu," alinijibu, akafunika bakuli.

Juu ya jiwe hilo ndipo aliponifundisha falsafa yote ninayoijua. Mimi niliishia kidato cha nne, tena kwa taabu, kwa hiyo alinirahisishia. "Wapo wanaosema maana ya maisha ilishawekwa tangu mwanzo," alisema, "kazi yako ni kuitafuta kama mbuzi aliyepotea. Wapo wanaosema hakuna mbuzi aliyepotea, ukitaka mbuzi, fuga mwenyewe. Na wapo wanaosema mbuzi yupo, ila si wako."

"Na wewe mzee mwenzangu, uko kundi gani?"

"Mimi nasoma tu."

Mke wake akapaza sauti kutoka jikoni: "Kama kuna mbuzi kweli niambieni niongeze maji!"

Aliyewafundisha watu wote kufa, mwenyewe aliogopa kufa kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Alipima presha katika kila duka la dawa alilopita, na majibu yakitofautiana, aliamini lile la chini. Hakupanda kivuko. Msiba ukitokea ng'ambo ya ziwa aliandika wasifu akampa mtu aende kuusoma, akasema kichwa kinamuuma. Nyumba yake hakuimaliza. Chumba cha mbele kilibaki bila plasta na nguzo za baraza zilibaki na nondo zimechomoza juu kama mtu aliyenyoosha mikono ajibu swali. Huku kwetu wapo wanaoamini kwamba mtu akimaliza nyumba na yeye anamalizika. Yeye, msomi wa falsafa, alizicheka imani hizo hadharani. Lakini fundi alipokuja na mifuko ya saruji iliyonunuliwa na mtoto wa mzee, mzee alimwambia arudi baada ya mvua. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Mkewe alikuwa akiwaambia wageni: "Karibuni, piteni, mume wangu anamdanganya Mungu kwa nondo."

Sasa nifike kwangu, maana nisipofika sitakuwa nimesema kweli.

Mimi nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja kule Nyakato. Stoo niliitunza vizuri. Nyumba yangu sikuitunza. Nikitoka kazini sikurudi Pasiansi. Nilikaa baa na watu ambao leo sikumbuki hata sura zao, na nikirudi nilikuta watoto wamelala. Mke wangu alivumilia, akasema, akanyamaza, kisha akavuka ziwa akarudi kwao Sengerema. Hakuwa na kosa. Watoto wakakua, wakasambaa. Nikabaki na redio, na jirani mwenye karatasi mfukoni.

Mwaka mmoja nilishikwa na sukari nikalazwa hospitali. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mwema mwenye haraka, alikuja kunitazama kwa niaba ya wananchi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimehamishiwa wodi nyingine, na kitandani kwangu alikuta godoro limekunjwa na shuka zimeondolewa. Mtu mwingine angeuliza. Lakini Mwenyekiti wetu hajawahi kuuliza jambo ambalo anaweza kulitangaza. Akarudi mtaani na kilio.

Nataka mwelewe hapo palipo na uchungu wake. Habari kama hiyo kwa mtu mwingine ingekufa ndani ya saa moja, maana mke angekuwa kando ya kitanda, au binti angekuwa na chupa ya uji mlangoni. Kwangu hakukuwa na mtu wa kukanusha. Mwanangu alipigiwa simu Dar es Salaam, akasema anakuja, na wakakubaliana mwili usitolewe mpaka afike. Turubai likafungwa.

Mimi niliruhusiwa kesho yake mchana. Simu ilikuwa imeisha chaji. Nikachukua bajaji, na tulipokaribia nyumbani dereva akapunguza mwendo akasema, "Mzee, pole, naona kwenu kuna msiba." Nikashuka mapema nikapita kwa nyuma, nyuma ya minyaa, nikijiuliza ni nani amefia kwangu. Ndipo nikasikia sauti ya Mzee wa Wasifu. Alikuwa anajaribu spika.

"Moja, mbili. Marehemu alikuwa mkazi wa mtaa huu. Alifanya kazi kiwandani kama mtunza stoo. Hakuwa na ugomvi na mtu."

Akapuliza kwenye spika. Nilijua huyo ni mimi, na ningepaswa kutokeza nipige kelele. Sikutokeza. Niseme ukweli, nilitaka kusikia mwisho.

"Alijitahidi," alisema kwenye spika, na sauti yake ikagonga mawe ikarudi, "kwa nafasi yake."

Basi. Hata fundisho hakuweka. Mimi ndiye marehemu pekee katika historia ya mtaa wetu ambaye hakuna aliyeulizwa maisha ni nini kwa ajili yake.

Nilipotokeza, mama mmoja aliyekuwa anamenya ndizi alitupa kisu akakimbilia jikoni. Wazee wakasimama. Mwenyekiti ndiye aliyejikaza akanisogelea.

"Mzee, wewe si umefariki?"

"Sijafariki, Mwenyekiti."

"Lakini taarifa imeshafika kata."

"Irudisheni."

"Hairudi hivi hivi, mzee wangu. Ina muhuri."

Chakula kilikuwa kimeshaiva na watu walikuwa na njaa. Ikaamuliwa kwamba msiba ugeuzwe sala ya shukrani. Wanakwaya waliimba wimbo ule ule waliokuwa wameuandaa, ila kwa kupiga makofi. Mwanangu alifika asubuhi iliyofuata, akashuka stendi ya Nyegezi na suti nyeusi mkononi. Tulikaa pamoja siku mbili, tukaongelea bei ya nauli na hali ya hewa ya Dar. Alipokuwa anaondoka alining'inizia ile suti kabatini. "Acha ikae hapa, baba, itakuja kutumi..." alisema, kisha akajisikia alichokuwa anasema, akaangalia viatu vyake.

Mambo yote hayo niliyameza. Sentensi ile sikuimeza. Jioni ya kwanza tuliyokaa tena juu ya jiwe, nilimwambia.

"Mzee mwenzangu, umenifupisha."

"Nimekuandika ulivyo."

"Miaka yote hii tumekaa hapa!"

"Nilizunguka," alisema. "Nimebisha hodi mpaka kule kwenye nyumba za chini. Nikauliza, mtamkumbuka kwa lipi? Wakasema, yule mzee? Anasalimia."

"Kusalimia si kitu?"

"Ni kitu. Ndiko nilikopata 'hakuwa na ugomvi'."

"Mlevi umempa 'mtu wa watu'. Na mimi nilikunywa!"

"Ulinywea Nyakato. Huku hukuleta hata wimbo."

Nikamwambia wazi ninachotaka. Sikutaka sifa. Nilitaka nitakapokufa kweli, isomwe sentensi moja tu kuhusu mimi ambayo haiwezi kusomwa kuhusu mtu mwingine. Moja. Alitafuna kahawa yake, kisha akasema, "Nipe cha kuandika."

Nikaanza kazi ya kumpa cha kuandika, nikiwa na umri ambao wenzangu wanapumzika. Niliingia kamati ya shule ya msingi. Nikakuta inakutana ili kupanga siku ya kukutana. Nilipanda miti kando ya njia, mbuzi wakaila, na hata sikujua walikuwa wa nani. Nilinunua samaki, sato, mwaloni wanakoshushia wavuvi, nikawagawia majirani, na wote wakaniuliza ninagombea nini. Kila jioni nilimpelekea Mzee wa Wasifu ripoti yangu, naye alisikiliza kwa makini kama mwalimu anayesahihisha, akatikisa kichwa.

"Unafanya mambo ili yaandikwe," alisema. "Yakisomwa yatasikika yameandikwa."

Nilipiga simu Sengerema pia. Hiyo sikumwambia. Mke wangu alipokea.

"Nilisikia ulikufa," alisema.

"Walikosea."

"Hata kufa umeanza, hukumaliza."

Nikacheka, na yeye akacheka kidogo, kisha salio likaisha. Hakurudi, wala sina haki ya kumtaka arudi. Lakini tangu siku hiyo nikipiga anapokea.

Nimefika sasa kwenye siku ambayo kwa ajili yake nimeandika haya yote. Ilikuwa miezi michache kabla hajatutoka. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia, mdomo umekwenda pembeni, na maneno, ambayo yalikuwa mali yake yote, yalikuwa yanatoka moja moja kama watu wanaoshuka kwenye boti wakiogopa maji. Misibani alikuwa haendi tena. Mkewe alinifuata nyumbani kabla ya mchana.

"Shemeji, anakuita. Anataka kusikia wasifu wake."

"Wasifu wa mtu aliye hai? Shemeji, huo ni uchuro."

"Wewe wa kwako si ulisikia ukiwa nyuma ya minyaa? Mbona hujafa, unanisumbua tu na sato zako?"

Nikaenda. Alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha kamba, mto nyuma ya mgongo. Macho yake yalikuwa yale yale. Mkewe akakaa kwenye kigoda akaanza kuchambua mchele. Sikuwa na karatasi. Nikasimama, nikashika mikono mbele kama yeye, nikaanza.

"Mzee wetu alikuwa mtu wa..."

Akanyanyua mkono wa kushoto. Hapana.

"Alikuwa na maono..."

Mkono ukabaki juu. Mkewe, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele, akasema, "Anataka Kiswahili cha kawaida."

Basi nikamwambia kwa Kiswahili cha kawaida. Nilisema: ulikuwa mwoga. Uliogopa maji, presha na plasta. Ulikuwa mchoyo wa senene. Ulituambia maisha ni vitu zaidi ya arobaini na hatujui hata kimoja ulichokiamini. Uliwaficha walevi wetu na wagomvi wetu nyuma ya maneno mazuri, na sisi tukajua, na tukakushukuru kwa kutujulisha bila kutuaibisha. Ulibisha hodi kwenye nyumba za watu maskini ambao hakuna aliyewahi kuuliza habari zao, ukaondoka pale ukiwa na siku moja ya maisha yao. Kabla yako, huku kwetu mtu alikuwa anazikwa na ndugu zake. Ulipokuja wewe, akawa anazikwa na mtaa.

Alikuwa amefumba macho. Upande mmoja wa mdomo wake ulicheka. "Kweli," alisema.

Nilitaka kuendelea nikakuta nimefika mwisho. Yote niliyojua kumhusu yalikuwa ya misiba ya watu wengine. Nikamtazama mkewe aniokoe.

"Mimi nina langu," alisema yule mama. Aliweka ungo chini. "Huyu akirudi msibani alikuwa hali mpaka aniambie yote aliyoyaacha. Yale aliyowasomea ninyi yalikuwa makapi. Hapa nyumbani, mezani, alinisomea wasifu wenyewe. Nani alimlilia nani kwa siri. Yule mzee wa kutazama ziwa mnayemwita mvivu, alikuwa anaogopa kurudi ndani kwa sababu mtoto wake alizama pale mbele na alikuwa bado anamwangalia. Nimewajua marehemu wote wa mtaa huu mimi, mmoja mmoja. Kuliko wake zao."

Swali lilinitoka lenyewe, kama la mtoto.

"Na wa kwangu, shemeji? Siku ile. Alikuambia aliacha nini?"

Alimtazama mumewe kwanza. Mumewe akafungua macho, akainamisha kichwa kidogo, kumruhusu.

"Siku ile alikuja hapa kabla hujatokeza, anachukua koti," alisema. "Nikamwuliza, haya, na rafiki yako umeacha nini? Akasema hajaacha kitu. Ameweka yote aliyonayo kwenye karatasi. Akakaa hapo akalia, shemeji. Nilidhani anakulilia wewe. Akasema hapana. Anajililia yeye, kwamba amekaa na mtu kwenye jiwe miaka yote akimweleza habari za mbuzi, na hajamwuliza hata siku moja."

Watoto wa jirani walikuwa wanagombania baiskeli njiani. Nilikaa chini, kando ya kiti chake. Mimi nilikuwa nimeamini muda wote kwamba maisha yangu hayakuwa na kitu cha kusimuliwa. Haikunijia kabisa kwamba sikuwahi kuyasimulia, na kwamba mtu mwenye kazi ya kuuliza alikuwa amekaa kando yangu akiona aibu kuanza.

Mzee wa Wasifu alikuwa anahangaika na mdomo wake. Neno lilichelewa. Alinyoosha ule mkono mzima, akanishika kiganja, akalivuta neno mpaka likatoka.

"Niambie."

"Nikuambie nini, mzee mwenzangu?"

"Siku... moja."

Nilifikiri niseme nini. Nilifikiri juu ya kiwanda, na shule, na mambo ambayo mtu angeweza kuyasema mbele ya kwaya. Mkewe aliinuka, akaingia ndani, akarudi na bakuli la senene lililofunikwa, akaliweka katikati yetu na kulifunua. Kisha akavuta kigoda chake karibu.

"Anza, shemeji," alisema. "Na usituanzie na kuzaliwa. Kuzaliwa kila mtu kazaliwa."

Nikaanza na asubuhi mke wangu alipofunga mizigo, nami nikamsaidia kuibeba mpaka kivukoni.